Gari Lako Tumelitoa Pawa

Baba,

Gari lako tumelitoa pawa. Najua hapo ulipo umeshaanza kufoka, maana siku ulipoileta ile pikapu nyumbani uliusifia usukani wake wa pawa kuliko hata injini. Ulituita wote uani ukasema ni mwepesi kama kukoroga uji, hata Mueni anaweza kuendesha. Ile "hata" iliniuma. Mpaka leo sijaisamehe vizuri.

Sasa dereva ni mimi. Ningekuandikia mapema, lakini nilikuwa na hasira, na wewe unanijua nikikasirika. Hasira yenyewe ilianzia kwenye mazishi yako. Baba mdogo Musau alishika maikrofoni kuwashukuru watu, akasema ndugu yake alikuwa mtu wa watu, Mungu amsamehe udhaifu wake. Alisema hivyo tu, udhaifu, na kila aliyekuwa chini ya lile hema akaelewa. Wewe uliyeacha pombe nikiwa bado shule ya msingi, ukazikwa kama mlevi! Walikuwa wakinong'ona kwamba mtu aliyezaliwa hapa Kathiani, anayeijua kona ile ya mlimani kama mlango wa nyumba yake, hawezi kuikosa mchana kweupe ila awe ameonja. Nilisimama nijibu. Watu wakanivuta gauni nikae.

Lakini aliyenivunja moyo si Musau. Ni Mama. Alikaa pale mbele na leso yake mapajani, asiseme ndiyo wala hapana. Nikasubiri atulie, aseme kitu nyumbani. Hakusema. Mtu akikutaja, yeye anakumbuka kuna kitu jikoni. Jina lako aliacha kabisa kulitamka, akawa anasema "mwenye gari." Baba, nilikuwa nikilala nikijiuliza, huyu mwanamke aliyenusa pumzi yako miaka yote ile, akajua kabisa siku uliyoacha, naye pia anaamini?

Fundi Kioko, rafiki yako, ndiye aliyeivuta pikapu kutoka kwenye matuta ya mashamba ya chini ya kona na kuipeleka gereji kwake Machakos. Mbele ilikuwa imekunjwa kidogo tu. Ungefunga mkanda wa kiti... basi, hilo tuliache. Kioko alipofungua boneti akakuta ule mkanda mwingine, wa mpira, unaozungusha pampu ya pawa, umekatika. Akanieleza polepole, maana nilikuwa nalia. Pawa ikikata ghafla, usukani unakuwa mzito kuliko hata wa gari ambalo halijawahi kuwa na pawa, na dereva aliyezoea wepesi anadhani umeshika kabisa. Na wewe ulikuwa umebeba maparachichi mpaka juu, unateremka.

Nilipanda mlima mbio kuja kumwambia Mama. Musau alikuwa hapo, kama kawaida yake tukiwa tunapika. Akacheka. "Mukanda hukatika gari ikigonga. Huyo fundi anataka kazi tu." Mama akasema amesikia, akaenda kuchambua mbaazi.

Hapo ndipo nilipoamua. Nilimwambia Kioko aondoe pampu, mipira ya mafuta na takataka zote za pawa, atafute boksi ya usukani wa kawaida kutoka pikapu nyingine ya aina hiyo iliyokufa. Akaniangalia mikono yangu hii. "Mueni, hiyo kitu ni nzito. Utaitoa wapi nguvu?" Nikamwambia uzito wa kila siku utanifundisha. Ninaouogopa ni ule unaokuja mara moja.

Musau alitaka gari liuzwe kama vyuma chakavu. Mama, nilidhani atamkubalia. Badala yake akasema litengenezwe, ila safari ya kwanza atakuwa ndani, na likimtia hofu hata mara moja tu, linaenda kwa watu wa vyuma jioni hiyo hiyo. Nikamuuliza kwa nini lazima awe ndani. Akasema, "Ukianguka, tuanguke wote. Mimi sibaki tena nikiletewa habari."

Kioko alimaliza, nikaipandisha pikapu nyumbani peke yangu. Ngai! Mabega yaliwaka moto. Kuigeuza pale sokoni nilisimama kabisa nikining'inia kwenye usukani, vijana wa boda boda wakinishangilia kama niko kwenye mpira. Lakini ikapanda. Niliona usukani umekaa upande kidogo hata nikienda moja kwa moja, nikasema labda ndivyo zilivyo. Kona yetu nikaipita vizuri. Unajua ukipanda, kona ile inakata kulia.

Ukishuka, inakata kushoto.

Kesho yake asubuhi Mama alivaa nguo ya kanisani, akapanda, akashika ule mshikio juu ya mlango kwa mikono miwili. Nikaingiza gia ya kwanza tangu juu kabisa, kwa sababu kwa usukani ule hakuna mambo ya kukimbia. Tukaiona kona inakuja. Tangu ulipofariki Mama amekuwa akiipita akiwa nyuma ya boda boda, macho kayafumba. Siku hiyo aliyafumbua. Nikaanza kukata kushoto, mkono juu ya mkono, navuta kwa mgongo, na gari linakubali, linakubali, halafu usukani ukagota. Nikavuta. Haukwenda. Ulikuwa umefika mwisho wake na kona haijaisha. Mbele ya kioo hakukuwa na barabara tena, kulikuwa na vilele vya miti ya chini.

Nilikanyaga breki na nikavuta handbreki mpaka ikalia. Pikapu ikasimama. Kama ningekuwa na mwendo hata kidogo tu, Baba, tungekuja kukuona.

Nikasikia mlango wa Mama unafunguka. Nikajua basi, gari limekwenda kwa watu wa vyuma. Lakini hakutembea kurudi nyumbani. Aliinama kwa ile nguo yake nzuri, akaokota jiwe akaliweka mbele ya gurudumu, akatafuta la pili, akaliweka upande wa pili. Kisha akapanda kwa miguu hadi nyuma ya gari, akasimama katikati ya barabara kama utingo aliyezaliwa kwenye kazi hiyo. "Lete! Lete nyuma! Kata hiyo upande ingine! Lete!" Nilirudi nyuma, nikaelekeza upya, nikaipita kona kwa mara ya pili kama anayepitisha kitanda mlangoni. Nikaenda kusimama pale chini palipo tambarare, nikazima injini.

Alikuja kwa mguu, bila haraka. Akafungua mlango wangu. "Shuka."

Nilishuka. Niliona aibu, nilitaka kumweleza jinsi usukani ulivyogota, lakini alinisukuma kando akapanda yeye. Mama, ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti hata kwa mchezo. Alishika usukani akajaribu kuuzungusha. Haukwenda. Akashika vizuri zaidi, akajiinua kwenye kiti, akavuta kwa uzito wake wote mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Ulisogea kidogo, kama mtu anayekugeukia bila kutaka. Akauachia, akahema.

"Na huu ndio ule muzito?"

Nikamwambia hapana, Mama. Huu ni afadhali. Kioko alisema ule wa Baba, pawa ilipokata, ulikuwa mzito kuliko huu.

Akaketi. Akaangalia kule juu tulikotoka, muda mrefu, gari la maziwa likapita likatupigia honi na hakugeuka. Halafu akaanza kusema, wala haikuwa kwangu.

"Pale mochari walinifunulia mikono yake. Ngozi ya hapa ndani ilikuwa imetoka yote, mikono yote miwili. Hii dole gumba ilikuwa imevunjika. Nikadhani ni mawe." Akaifungua mikono yake mwenyewe, ilikuwa myekundu. "Mutu amelewa hashiki kitu hivyo. Mutuku alikuwa anavuta. Mutuku wangu alikuwa anataka kurudi nyumbani."

Alikutaja jina, Baba. Mara mbili. Kisha akalia, na mimi nikamwacha alie kwa sababu kilio hicho kilikuwa kimekawia. Nilitamani kumuuliza kwa nini mambo ya mikono yako alikaa nayo peke yake muda wote huo. Sikumuuliza. Nadhani aliogopa kutumaini.

Tulifika Machakos polepole kama maandamano. Kioko alipoingia chini ya gari alitoka ameshika kichwa. Ule mkono wa chuma unaotoka kwenye boksi kwenda kusukuma magurudumu aliufunga ukiwa umeruka jino moja, ndiyo maana kulia usukani ulizunguka ukapitiliza na kushoto ukapungukiwa. Mama alimgombeza mpaka wateja wakajificha nyuma ya matairi. Alipomaliza akamwambia, "Funga tena, na ufunge vizuri. Hii gari haiuzwi." Nilijaribu kusimama kando nisionekane nikicheka, ikashindikana.

Jumapili kanisani walipouliza kama kuna mwenye ombi au shukrani, Mama alisimama. Nikashtuka, maana unajua huwa haongei mbele za watu. Akasema, "Mume wangu Mutuku hakuwa amelewa. Alishindana na hiyo gari mpaka mikono ikachunika. Iko hapo nje. Mwenye haamini aende ashike steringi." Akakaa. Hakuna aliyetoka nje. Baba mdogo Musau alikuwa akitafuta kitu kwenye Biblia yake, nadhani bado anakitafuta.

Mimi mabega yameanza kuzoea. Nakuahidi kona ile nitaishuka kwa gia ya kwanza siku zote za maisha yangu, hata Musau mwenyewe akiwa nyuma yangu anapiga honi. Nakuahidi mkanda wa kiti nitafunga, na Mama atafunga hata akilalamika unamkunjia nguo. Na mtu yeyote akikutaja vibaya mbele yangu, safari hii hakuna atakayenivuta gauni.

Lala sasa, Baba. Hapa nyumbani hakuna anayekuuliza kitu tena.

Binti yako,
Mueni