Kizingiti, Toka Darajani

Mwalimu wangu Wafula,

Keti vizuri huko uliko, kama kuna viti. Kama hakuna, egemea kitu. Nina habari, na habari yenyewe si ya kupokelewa ukiwa umesimama. Mimi Wani, fundi jenereta namba moja hapa Juba, kuanzia Hai Cinema mpaka Gurei, mtu ambaye wahusika wake kumi na mmoja wa mchezo wetu walikufa wakiwa na panga mkononi na mdomo wazi, nimeunda mlinzi. Ndiyo. Mwenye ngao! Anayesimama mahali pamoja! Najua unacheka. Cheka, lakini usikimalize hicho kicheko, tutakihitaji huko mbele.

Nianze pale tulipoachia. Nakukumbusha kwa sababu sijui kama huko mnaruhusiwa kuingia na kumbukumbu zenu au zinaachwa mlangoni kama viatu. Mwaka ule tulipopata bendera, Juba ilijaa watu wa kila rangi, na yule kawaja, mzungu mchimba visima, alipoondoka alikuachia kitabu cha mchezo wa mezani. Wengine waliachiwa magodoro, wewe ukaachiwa kitabu. Ukakitafsiri chote kwenye daftari la wanafunzi, ukatukusanya kila Jumamosi mchana kwenye hoteli ya Akello: Akello akiwa msimulizi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumbishia Akello akiwa ameshika mwiko, Lado binamu yangu, mchoraji wa mabango, akiwa mchawi mwenye moto mwingi na mifupa ya njiti za kiberiti, mimi na panga zangu, na wewe na Kizingiti wako, mtu wa ngao, ambaye katika miaka yote ile sikumwona akimuua hata panya. Dadu za pande ishirini hatukuwa nazo, kwa hiyo tulichora namba kwenye vizibo ishirini vya soda, tukavitia kwenye kopo la maziwa. Unatikisa, unachomoa kimoja, unajua bahati yako.

Jumapili ile ya Disemba tuliongeza siku kwa sababu hadithi ilikuwa tamu. Watu arobaini wa kijiji cha Akello, cha kwenye hadithi, walikuwa wanavuka daraja wakikimbia jeshi la wavamizi. Walikuwa wamevuka nusu tu. Akello akasema tumalizie Jumamosi. Kizingiti akabaki darajani, ngao juu.

Jumamosi hiyo haikufika. Risasi zilianza upande wa kambi za jeshi, mpaka makao makuu ya Bilpam yakawa yananguruma, na sisi sote tukajikuta ndani ya hoteli ya Akello, chini ya meza, siku tatu. Wewe ulilisukuma friza la soda mlangoni, ukakaa sakafuni umeliegemea kwa mgongo, ukatoa madaftari ya darasa la nne ukaanza kusahihisha. Nje dunia inapasuka, ndani wewe unasema, "Swali la tano wamekosa wote. Hili ni kosa langu, sikufundisha vizuri." Mwalimu, mimi nimeona Nairobi, nimeona Kampala, nimekaa Khartoum miezi saba, na sijaona mtu wa namna hiyo.

Halafu ukatupakia kwenye lori la Nimule, mpakani, ukabaki eti watoto lazima wapate matokeo yao. Risasi ikakukosa. Mbu hakukukosa. Ndugu zako wakaja kukuchukua, wakakuzika kwenu Kimilili, na mimi niko Adjumani, Uganda, kwenye hema la wakimbizi naambiwa kwa simu inayokatika. Nikasikia "Wafula," nikasikia "malaria," katikati kelele tu. Nilikata nikapiga tena mara nne, nikitumaini zile kelele za katikati zilikuwa na neno linalobadilisha maana. Hazikuwa nalo.

Sawa. Tuendelee, sikuandika nikulilie.

Tumerudi. Lado karudi, mimi nimerudi, Akello kafungua hoteli, friza liko palepale. Na kwenye meza yetu, chini ya kioo, nikakuta karatasi ya Kizingiti imelala juu ya ramani ya daraja, kizibo kilichokuwa alama yake kikiwa pale ulipokiweka. Hakuna aliyekigusa. Unaijua sheria ya mkebe wa biskuti: mtu akiondoka Juba, karatasi ya mhusika wake inaingia mkebeni na hakuna wa kuirithi. Mkebe umejaa Wakenya, Waganda, na yule daktari aliyekuwa anacheza mbuzi. Nikauliza, mbona ya Wafula haimo? Akello akaweka mikono kiunoni.

"Huyu hatoki darajani mpaka mtu nashika nafasi yake. Bado iko watu ishirini hawajavuka. Na sikiliza wewe Wani: kama hawa watu nakufa, mimi nafunga hii kitabu, narudi Gulu. Mimi nimeona watu nakufa ya kutosha."

Hakuwa anatania. Basi nikasema kwa sauti ya hoteli nzima, "Nitashika mimi." Lado akamwaga chai.

Mwalimu, nilidhani kuunda mlinzi ni kazi ya mtu mvivu! Una pointi thelathini, unazimwaga zote kwenye uvumilivu, unamvika deraya ya chuma kuanzia kichwani hadi kucha, khalas. Nikampa uvumilivu ishirini na nane, nguvu mbili, kwingine kote sifuri. Nikamwita Domo. Tukamjaribu Jumatano baada ya watu wa chakula cha mchana. Domo akasimama katikati ya daraja kama tangi la maji. Wavamizi wakaja, wakamtazama, wakapita kushoto na kulia, wakaenda wakamchinja mchawi wa Lado aliyekuwa nyuma yangu. Nikageuka kumsaidia, sikuweza. Wepesi sifuri, deraya nzito, nilihitaji zamu tatu kugeuka tu. Kisha Akello akamleta bibi mmoja mwenye ufagio, akaniambia "Bu!" Moyo sifuri. Mwanamume wa chuma akatupa ngao akakimbia. Akello alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo nikakusikia, wazi kama uko kitini: "Wani, ngao si ya kukukinga wewe. Ni ya yule aliye nyuma yako." Ulinikariria sentensi hiyo miaka mitatu, nami miaka mitatu nikijibu "sawa sawa" huku nanoa panga. Nilikuwa nimeunda mtu asiyeweza kufa. Kumbe kazi ilikuwa kuunda mtu ambaye wengine hawafi akiwepo.

Nikafuta, nikaandika upya, nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Uvumilivu kumi. Moyo tisa, ili hata bibi wa ufagio aje na dada zake wote. Wepesi sita, na deraya nikaivua nusu, niweze kumfikia Lado kabla hajachinjwa. Nguvu tatu. Akili mbili, na nakuomba tusiliongelee hilo.

Lakini bado swali moja: adui si mjinga, kwa nini anipige mimi na si yule dhaifu nyuma? Wewe ulikuwa unatafuta mahali pembamba ukajibana hapo, apite wapi? Daraja letu ni pana, mikokoteni miwili inapishana. Basi nikaikumbuka ile sheria ya Akello ambayo wewe hukuwahi kuitumia kwa sababu ya heshima zako: ukitaka adui akugeukie wewe, mtukane, kwa mdomo wako mwenyewe, hapo mezani. Meza ikicheka, amekasirika, anakuja kwako. Meza isipocheka, anapita.

Mwalimu! Kumtukana mtu mpaka watu wacheke! Mimi! Ni kama kumwambia samaki kazi ni kuogelea. Niliruka, nikapiga kichwa kwenye taa.

Na hapo nikakosea. Nakuambia wewe kwa sababu kwako sina cha kuficha. Ulituwekea masharti mawili: tusitukane mama, tusitukane kabila. Alhamisi tulijaribu tena, nimepamba moto, matusi yanatoka kama mvua ya mawe, Akello anacheka, Lado anashika mbavu. Akaja mvamizi mwenye shoka, nami nikamtania kwa alama za paji la uso. Zile za kuchanjwa, ambazo mtu akizitazama anajua umetoka kwa nani. Meza ikanyamaza. Nyuma yangu Mzee Majok, muuza mkaa, mwenye alama hizohizo, akaweka kijiko chini, akaacha samaki wake nusu, akatoka.

Unajua mwaka huu watu wameulizwa nini barabarani kabla ya kupigwa risasi. Paji la uso lilitosha. Lado aliniangalia kama hanijui. Akello akasema polepole, "Nenda."

Nikamkimbilia mpaka kwenye magunia yake. Nikasema malesh, mzee, nisamehe, malesh, nilikuwa nacheza, mdomo wangu ni mkubwa kuliko kichwa. Akanitazama kuanzia mikono hadi uso. Mikono yangu imejaa oili, uso umejaa oili. Kisha akasema, "Uso huu nilipewa na baba yangu. Wewe huo wako ulipewa na nani? Jenereta?"

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilifanya vyote viwili. Nikamwambia njoo Jumamosi, nitakununulia samaki mzima, na ukisikia tena neno kama lile, nipige na gunia. Akainama akafunga mdomo wa gunia.

Sasa Jumamosi yenyewe. Shika kiti!

Hoteli imejaa. Akello amefunga kitambaa kipya kichwani, anasimulia huku amesimama. Watu ishirini darajani. Domo anasimama bega kwa bega na Kizingiti, na Akello anakuchezea wewe kimya kimya, ngao juu, bila neno, kama ulivyokuwa. Wavamizi wa kwanza wanakuja. Nikamwambia mmoja kwamba upanga wake ni butu hata siagi inamwonea huruma. Kicheko! Akanigeukia. Mwingine nikamwambia anatembea kama jenereta lililotiwa maji badala ya dizeli, nikaigiza na mlio wake. Kicheko! Wanne juu yangu, nawazuia, uvumilivu unashuka, kumi, nane, tano. Lado nyuma yangu anachoma watu kwa raha kama anachoma mahindi. Mara ya kwanza maishani mwake amemaliza pambano akiwa na nyusi.

Wamebaki watu watatu: mama, mtoto mgongoni, na kikongwe mwenye kuku. Akatokea kapteni wao na shoka, yuleyule wa Alhamisi, akielekea kwa kikongwe. Nikatafuta tusi. Nikalitukana shoka lake: kimya. Nikamtukana farasi wake: Lado akatikisa kichwa, kwa woga hakuweza kucheka. Akello akaanza kuhesabu, "Moja… mbili…" Nikaona sina tena cha kumtukania mtu, nimebaki na mimi tu. Nikasimama juu ya kiti nikapiga kelele: "Wewe kapteni! Unamkimbilia bibi wa kuku na mimi niko hapa? Nitazame! Nina akili mbili! Mbili tu, zimeandikwa kwenye karatasi! Uso nilipewa na jenereta! Ukishindwa kunipiga mimi utawaambia nini nyumbani?"

Kimya. Halafu kutoka nyuma kabisa, karibu na friza, mtu akacheka. Kicheko kimoja kikubwa, cha kifua, cha mtu aliyejaribu kukizuia akashindwa. Mzee Majok, mfupa wa samaki mkononi.

Lado, mjinga yule, akasema, "Lakini yeye si mchezaji!"

Akello akampiga begani na mwiko. "Iko ndani ya hoteli yangu? Iko kwa meza. Kapteni nageuka!"

Kapteni akageuka. Shoka la kwanza, nikachomoa kizibo: kumi na saba, ngao imezuia. La pili: tatu. Uvumilivu ukabaki mmoja, mwalimu, mmoja! La tatu, nikatikisa kopo mpaka Akello akaniambia siyo siagi hiyo. Kumi na tisa. Nyuma yangu Lado akamwasha kapteni kama kibatari, na kikongwe akavuka na kuku wake.

Hoteli ililipuka. Mtu alimbusu Lado. Sijui nani.

Akello akanyanyua mkono, watu wakatulia. Akasema, "Watu yote nafika ng'ambo. Daraja tupu. Nabaki walinzi wawili." Akaniangalia. Nilijua naambiwa niseme, na mimi, unanijua, hapo maneno yakaniishia. Niliyatafuta kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mbele ya mlango wake mwenyewe. Mwisho nikasema, "Kizingiti. Toka darajani, kaka. Zamu yako imekwisha. Nimesimama mimi."

Akello akasema Kizingiti alishusha ngao, akanyoosha mgongo kama mtu aliyeegemea friza siku tatu, akaenda kwao bila kugeuka. Kisha akainua kioo. Tukaikunja karatasi yako, Lado, Akello na mimi, tukaitia mkebeni. Mzee Majok ndiye aliyefunga kifuniko.

Mzee sasa anataka karatasi yake mwenyewe. Anataka kuwa mganga. Nimemwambia mganga husimama nyuma ya mlinzi, na mlinzi wa hapa ni mimi, asiogope.

Nakuahidi hilo, mwalimu, na si kwenye karatasi tu: atakayekaa nyuma yangu katika mji huu, awe na alama zipi usoni au asiwe nazo, atakuta kuna mtu mbele yake. Mwenye kelele, lakini yupo. Lala Kimilili. Ngao iko huku.

Wani,
akili mbili, moyo tisa