Shairi kwa Ufunguo

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, mtaani Small Heath, tu wazima. Mama yako mdogo yuko zamu hospitalini, wanawe wananiamkia kwa Kiswahili na kuniaga kwa Kiingereza, nami nabaki na birika la chai.

Uliniuliza kwa nini naghani mashairi ya Kirusi peke yangu. Nilipokwenda Urusi kusomea mitambo, funguo za bweni zilikaa kwa Bibi Nina, mjane aliyelinda mlango. Wenzangu walionyesha vitambulisho. Mimi aliniambia, "Shairi kwanza."

"Bibi, nimeganda!"

"Ndiyo maana nimekuchagulia fupi."

Basi mashairi yao niliyajifunza wima, pua imekufa ganzi. Kirusi kina maneno mazito kama viatu vya askari, lakini kwenye shairi hutembea peku. Hilo hakuna mwalimu aliyeniambia.

Nilidhani ananitesa. Siku moja nilighani shairi refu bila kukosea. Akanipa ufunguo, ila mkono wangu hakuuachia. "Hebu rudia," akasema. "Una haraka gani?"

Jana binti anayeniletea dawa alikuwa ameshavaa koti, nikamwanzishia shairi lile lile.

"Babu, basi litaniacha!"

Lakini alisimama mpaka mwisho, bila kuelewa hata neno. Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi Nina.

Kwa hiyo ukipiga simu tena, usianze na habari za magoti yangu. Anza na shairi, la Kirusi au la kwetu, hata ukilikosea. Ila lisiwe fupi.

Babu yako