Kioo cha Kusogezea Tai

Mathinna, Tasmania
4 Septemba

Kwa mjukuu wangu Tegan,

Hujambo huko Melbourne, na kifua chako kimepona? Sisi tupo. Goti langu la kushoto limekuwa mbea, linatangaza mvua kabla haijafika. Kondoo wameanza kuzaa. Baba yako mzima, anakohoa na hataki dawa. Jina lako halitaji, ila buti zako za matope bado ziko mlangoni, na si mimi niliyezigeuza juu chini ili buibui wasiingie.

Sasa sikiliza. Huyo baba yako Clive amekubaliana na Kerslake, yule mwenye misumeno, aje akate mikaratusi yote ya kule ng'ambo ya korongo, sisi tukishamaliza kukata mikia ya wana-kondoo. Nimemwambia kuna tai kwenye ule mti mkubwa. Anasema kiota ni kitupu tangu dume lilipokufa kwenye nyaya za umeme. Mjane huolewa tena, na mimi nimemwona jike kwa macho yangu akipeleka tawi bichi. Tai hatandiki majani mabichi kwenye nyumba asiyolala. Nimepiga simu kwa wale wa serikali. Msichana akanijibu kwa adabu kwamba mti wenye kiota chenye ndege haukatwi mpaka mtoto aruke, lakini wao wanataka picha, si maneno ya bibi.

Nimetoa lenzi yako ndefu, ile uliyoiacha bandani siku uliyogombana na baba yako juu ya hizo picha zako. Nimeivuta mpaka mwisho. Kutoka banda la kukatia sufu kiota kinaonekana kama kofia iliyosahauliwa juu ya mti. Kijana wa duka la kamera kule Launceston anasema kuna kipande cha kioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi, kinasogeza kitu karibu. Kuna cha kukuza mara moja nukta nne na kuna cha mara mbili. Anapendekeza cha mbili, na ana meno mazuri mno kwa mtu mkweli. Wewe unapiga picha za mpira kila Jumamosi, niambie nichukue kipi. Au niende tu nikasimame chini ya mti nipige kwa simu ya baba yako?

Na uje nyumbani. Unakonda, nimeiona ile picha yako uliyotuma.

Bibi yako,
Una


Melbourne
12 Septemba

Bibi yangu,

Nakusalimu, na goti nalisalimu. Kifua kimepona. Sijakonda, ni nywele nimekata.

Kwanza, usiende chini ya mti. Tai wa kwetu huko si kama kuku. Akiwa juu ya mayai akamwona mtu anamsogelea, anaondoka, na anaweza asirudi. Kunguru watayamaliza yale mayai kabla birika lako halijachemka. Halafu Baba atakuwa amesema kweli, kiota kitakuwa kitupu.

Chukua cha moja nukta nne. Najua utauliza kwa nini usichukue kikubwa. Kila kioo unachoongeza kinakula mwanga. Cha moja nukta nne kinakula nusu. Cha mbili kinakuachia robo, na lenzi yangu yenyewe haina mwanga wa kugawa. Ukifunga cha mbili asubuhi, kamera itapapasa kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa. Tena kila kasoro ya lenzi inakua pamoja na tai. Picha ndogo iliyo safi utaikuza baadaye. Picha kubwa yenye ukungu haina dawa.

Kabla hujakifunga, vuta lenzi mpaka ipite alama ya mia tatu. Ikiwa imerudi ndani, kioo kitagonga kioo. Kikikataa, usilazimishe. Weka lenzi juu ya gunia la ngano, usiishike mkononi. Piga alfajiri, ardhi ikiwa bado ya baridi. Jua likipanda, hewa juu ya malisho inacheza, na kioo kitakusogezea hewa hiyo badala ya tai.

Sijui lini nitakuja. Usiniulize kila barua.

Mjukuu wako,
Tegan


Mathinna
3 Oktoba

Tegan mwanangu,

Hujambo? Mimi nina mafua ya kujitakia, utasikia.

Nilinunua cha mbili. Nilisimama pale dukani nikawaza, kama unalipa, lipia kikubwa. Ndivyo nilivyonunua hata jiko. Nikakifunga lenzi ikiwa imerudi ndani, kikakataa, nikaongea nacho kama ninavyoongea na kifuniko cha chupa ya achari. Kulikuwa na mlio. Nikakumbuka barua yako, nikavuta lenzi, kikaingia. Kina mkwaruzo mdogo, si wa kulilia.

Picha zikatoka nyeusi, za kutetemeka. Baba yako alikuwa anakula. Akazitazama moja moja, akaniuliza, "Mama, huu ni uji wa shayiri au wa ngano?" Akarudi kwenye nyama yake.

Niliona aibu, mwanangu, na aibu ilinipa miguu. Asubuhi nikavuka korongo na kamera. Nilijua ulichoniambia. Nilifika kwenye ile miamba miwili, mti uko mbele yangu wazi, na yule jike akasimama. Kumbe alikuwa ameyalalia mayai. Alisimama ukingoni mwa kiota, akafungua mabawa nusu, akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi wasionipenda, wakwe zangu wakiwemo, lakini sijatazamwa hivyo. Nikakaa chini palepale kwenye kidimbwi cha maji, kichwa nimeinamisha. Sikupiga picha. Mvua ikaja, kama goti lilivyosema, na sikuondoka. Nilipothubutu kuinua jicho alikuwa amelala tena. Nikarudi kwa magoti na mikono, mimi mwenye umri huu, nimelowa mpaka shimizi.

Kijana wa duka amekubali kubadilisha. Mkwaruzo nilimwonyesha mwenyewe. Kerslake anakuja mwisho wa mwezi.

Bibi yako mwenye mafua,
Una


Melbourne
11 Oktoba

Bibi,

Pole kwa mafua.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na bado nina hasira. Nilikuambia usiende. Wewe na Baba mna ugonjwa mmoja. Mkimpenda mtu mnamwendea na buti miguuni mpaka anaruka, halafu mnakaa mnashangaa kiota kitupu. Mimi sikuondoka kwa sababu ya picha. Niliondoka kwa sababu kila nilipogeuka mlikuwa mmesimama hapo hapo.

Funga cha moja nukta nne. Kaa bandani. Subiri.

Tegan


Mathinna
2 Novemba

Kwa Tegan,

Natumai mzima. Mafua yamekwisha. Barua yako nimeiweka kwenye kopo la chai. Sitaijibu, ulichosema ni kweli.

Nilikaa bandani. Alfajiri nyingi zilikuwa za ukungu, sikupata kitu. Halafu ikaja asubuhi moja ya umande ulioganda, hewa imetulia kabisa. Lenzi juu ya gunia, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Tai ni mdogo kwenye picha, lakini unaona kila jani bichi alilotandika. Na chini ya kifua chake kuna kichwa cheupe, kama pamba iliyochomoza kwenye mto uliochanika.

Nilimwonyesha baba yako. Akasema picha kama hiyo mtu anaweza kuitoa popote. Zamani ningemfuata mpaka zizini na maneno yangu. Safari hii nilimwacha aende. Wale wa serikali nao sikuwatumia. Nilitaka yeye aone kwanza, na siku za Kerslake zilikuwa zimebaki chache, kwa hiyo usidhani nilikuwa nimetulia. Nikarudi bandani, nikailenga lenzi kwenye kiota, nikaikaza kwenye gunia, nikaiacha hapo. Sikumwambia mtu.

Kesho yake natoka kuwalisha mbwa, namwona ameinama juu ya gunia, kofia ameishika nyuma ya mgongo kama yuko kanisani. Sikumwendea. Chai ilipoa, mayai yakapoa, mimi nimesimama nyuma ya tangi la maji na ndoo yangu.

Alipoingia jikoni alikaa bila kunawa.

"Mama, ana kitoto."

"Najua."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita ungekuja na mdomo."

Akampigia Kerslake yeye mwenyewe. Sikusikia walichosema, ila alimaliza kwa sauti ya chini, na mpaka leo misumeno haijaja. Picha akaipeleka serikalini kwa mkono wake, akiwa amevaa shati la maziko. Sasa kila alfajiri yuko bandani kabla yangu, na nikitaka kutazama ananiambia nisubiri zamu.

Jana akaniuliza, "Hiki kidude nani alikichagua?" Nikamwambia ni Tegan. Akakipangusa kwa kitambaa, polepole. Akasema, "Alichagua vizuri." Ndiyo hayo tu, siongezi langu.

Kitoto kitaruka Januari. Nakupa habari tu.

Bibi yako,
Una


Melbourne
9 Desemba

Bibi yangu,

Salamu kwako, kwa goti, na kwa mbwa.

Nimekata tiketi ya meli ya mapema Januari. Usimwambie Baba, na msije kunipokea bandarini, hata mmoja wenu. Nitapanda kilima mwenyewe kwa njia ya nyuma ya banda. Kama lenzi bado iko juu ya gunia, iacheni hapo. Nitaanza kwa kumtazama tai. Halafu nitaigeuzia nyumbani, nione mlango na nani amekaa barazani, ndipo niteremke.

Buti zisiguswe. Zikae zilivyo.

Mjukuu wako,
Tegan