Mawe Matatu ya Kilo Mbili

Jumatatu, 24 Machi

Titi la kushoto liliondoka Jumatatu ya tarehe 6 Januari, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Leo wiki kumi na moja kamili. Nywele zikafuata. Kilo nazo — kabla ya upasuaji 71, leo asubuhi 61. Nimejipima mwenyewe dukani, kwenye mizani ya magunia. Ile haidanganyi. Kesho dozi ya tatu kati ya sita.

Kinachoninyima raha ni Mama Kofia, yule wa kiti cha dirishani pale wodi ya saratani. Tulianza dawa siku moja. Safari iliyopita alipimwa akaambiwa amepungua mno, akale kwanza, arudi baada ya wiki mbili. Leo nimempigia. Kapokea mwanawe. Wamemzika Ijumaa.

Akale kwanza! Mimi hawanirudishi nyumbani.

Jumanne, 25 Machi

Mawe mawili ya mizani, ya kilo mbili mbili, nimeyafunga kiunoni kwa kitambaa. Gauni pana juu. Nikapanda mizani ya hospitali. 65! Nesi akafurahi: huyu ndiye mgonjwa, unakula nini mwenzetu? Nikamjibu, chuma. Akacheka mpaka akashika meza.

Dawa nyekundu ikaingia saa tano.

Miaka kumi na tisa nauza nafaka. Nilianza na debe moja la maharage, nimeyatandaza chini. Sijawahi kumpunja mtu hata gramu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuchezea mizani.

Alhamisi, 3 Aprili

Vidonda mdomo mzima. Hata maji yanachoma. Mdogo wangu, anayeniangalizia duka, kaja na uji na swali: dada, mawe mawili yako wapi? Anapima mchele kwa pakiti za sukari, wateja wanamcheka. Nikasema nimeyapeleka kukaguliwa. Akaniangalia. "Si yalikaguliwa mwezi wa kwanza?"

Huyu naye! Miaka yote hajui bei ya kunde, leo anajua tarehe za ukaguzi.

Jumanne, 15 Aprili

Mizani ya duka: 58. Mawe matatu. Mizani ya hospitali: 64. Sikuweza kuinama kuvua viatu, nesi akapiga magoti akanivulia. Hapo niliona haya.

Jumatano, 23 Aprili

Homa 39.2. Nimelazwa, chumba cha peke yangu, kila anayeingia kavaa barakoa. Seli nyeupe za kinga zimebaki 0.3. Daktari kasimama na faili, anasema haelewi — dozi ilikwenda sawasawa na kilo zangu.

Na kilo zangu!

Nilidhani wanatupima kuona nani apite, nani arudishwe. Kumbe dawa yenyewe inakadiriwa kwa uzito wa mtu. Mimi, ninayewapimia watu maisha yangu yote, sikuuliza napimiwa nini. Kilo sita za chuma, na sumu yake nimeinywa mimi mwenye nyama na damu.

Nilifumba macho, daktari akadhani nimelala.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwambia nesi. Alikaa kitandani kwangu, kitu wanachokatazwa. Kisha: dada, ungekufa. Nikamjibu kwamba Mama Kofia alifuata sheria, na amezikwa. Nesi akasema hawezi kumficha daktari. Asimfiche.

Jumanne, 6 Mei

Leo dozi ya tano. Mdogo wangu ameshajua yote. Kanipekua mifuko mlangoni kama askari wa geti, akanishikia na pochi. Nimepanda miguu mitupu. 55. Hiyo ni yangu yote, haina nyongeza.

Seli nyeupe 3.4. Wanataka 3. Namba nimeisoma mwenyewe kwenye karatasi ya maabara, inatosha! Lakini wenzangu wanne wameshatundikiwa mifuko yao, mimi nimekaa mkono mtupu. Daktari kapita mara mbili. Mara ya kwanza: tutaona, mama. Mara ya pili: tunalijadili. Wanajadili nini? Mdogo wangu ananinong'oneza, dada nyamaza, watakuchukia. Wanichukie. Wanichukie huku wananitibu.

Kwenye kiti cha dirishani yupo mwingine sasa, binti mwembamba, ananiuliza hapa mizani iko wapi. Nimemwonyesha. Nikamwambia avue viatu, aweke chini simu na kila alichonacho, na akiona amepungua aulize, aulize, aulize.

Saa nne na dakika ishirini. Daktari anaondoka saa sita. Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili, nesi kampelekea. Nimeandika hivi:

"Nilidanganya mizani mara mbili. Sirudii. Dozi zangu zimebaki mbili. Mnaniwekea leo, ndiyo au hapana? Kama hapana, ni kwa sababu ya damu yangu, au kwa sababu ya mawe yangu? Usiniambie tutaona. Nijibu kabla ya saa sita kamili, nipo kiti cha tatu, siondoki."