Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Mama Yako

Kocholia,
kupitia Malaba.
14 Septemba 1974.

Mpendwa mwanangu Titus,

Pokea salamu zangu na za wote walio hapa nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Millicent na mtoto mkiwa wazima, na kwamba joto la Tabora halimsumbui kichanga huyo. Je, ananyonya vizuri? Mama yake amepata nguvu? Huku tumeshavuna mahindi na mtama unaendelea vizuri. Mama yako ni mzima.

Mimi si mzima. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na daktari alinirudisha nyumbani kwa maneno ya upole ambayo mtu wa umri wangu anayaelewa. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena. Usishangae ukiona mwandiko umepinda.

Barua yako ya Julai ilifika. Unasema mtoto umempa jina langu, Ikapel, kwa sababu nilimjengea mama yako nyumba ya matofali ulipokuwa mbali. Titus, mpe mtoto jina lingine. Sidharau heshima uliyonipa. Siistahili, na nitakueleza kwa nini kabla nguvu hazijaniisha.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho, mwanzoni mwa 1970. Ulinunua mabati Bungoma, ukaniachia kazi ya kujenga, ukarudi kwenye kazi yako ya reli. Nyumba ya marehemu baba yako, mdogo wangu, ilikuwa bado imesimama. Ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi limeshuka chini hata mvua haikuugusa ukuta, na mama yako aliisiriba kila Desemba. Mimi ndiye niliyesema kwamba mama wa mtu wa reli hawezi kukaa kwenye udongo. Nilikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, nani angenibishia? Tuliibomoa kwa siku mbili.

Udongo wa matofali tuliuchimba kwenye kichuguu cha mama yako, kile cha nyuma ya zizi alichoachiwa na baba yako. Ulikula kumbikumbi wa pale ulipokuwa mtoto. Sasa pamebaki shimo. Kuni za tanuri zilitoka kwenye mvule wake, na wafanyakazi walikula kwake. Kwa hiyo kila tofali lililotoka motoni lilikuwa lake, na nilijua hivyo.

Wakati huohuo nilikuwa na ploti Malaba, kando ya barabara ya malori. Kama nisingejenga nyumba ya kudumu kabla ya mwaka kwisha ningeipoteza. Madereva na mataniboi, wasaidizi wao wa malori, walikuwa wakilala chini ya malori siku tatu, siku nne, wakingoja karatasi za kuvuka mpaka. Nilijiambia kwamba wakipata vyumba nitakuwa nimewasaidia.

Tulipofungua tanuri, fundi Wandera, yule Msamia wa Sigalame, alitenga mafungu mawili. Matofali ya katikati yalikuwa mekundu, ukigonganisha mawili yanalia kama chuma. Ya pembeni, ambayo moto haukuyafikia, yalikuwa yamepauka na yanamomonyoka mkononi. Hayo hurudishwa kuchomwa tena.

"Mwalimu, hii nyekundu inaenda wapi?" aliniuliza.

"Malaba."

"Na hii ingine?"

"Kwa shemeji."

Akacheka. "Kwani shemeji yako anapenda uji? Hii ikinyeshewa ni uji tu."

Nilimwambia ashike mwiko wake aache maneno. Alijenga, akapiga lipu nzuri nje, na kwa macho nyumba ilipendeza. Picha niliyokutumia ilipigwa wiki hiyo.

Malaba nilipata vyumba saba. Madirisha yake ni madogo kama ya ghala, na choo ni kimoja kwa watu wote. Hata hao niliosema nawasaidia sikuwajengea kama watu.

Mvua za mwaka uliofuata zilianza kubandua lipu ya kwa mama yako. Chini yake matofali yalikuwa yakinywa maji. Aprili mwaka jana, mchana, mama yako akiwa shambani, ukuta wa nyuma ulianguka wote kwa ndani, juu ya kitanda chake. Kama angekuwa amelala na homa siku ile, tungemzika. Alianza kuziba pengo mwenyewe kwa fito na udongo. Alifika nusu, mikono ikamchoka, juu akatundika magunia. Hiyo nusu aliyoisiriba ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za nyumba ile hadi leo.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko kwenye matofali. Mama yako hajui kuandika, na tangu uondoke mimi ndiye niliyemwandikia barua zake na kumsomea majibu yako. Siku ile aliketi mbele yangu akaniambia, "Andika ukuta imeanguka. Andika asipate wasiwasi, lakini ajue." Nikaandika kwamba nyumba iko imara na mvua ni nzuri. Kisha nikamsomea alichosema yeye, maneno ambayo hayakuwapo kwenye karatasi. Jibu lako lilipokuja limejaa furaha, nilimsomea kwamba umesikitika na utakuja kurekebisha ukipata likizo. Akakungoja. Barua tatu zilizofuata nilifanya vivyo hivyo. Kalamu niliyofundishia watoto wa watu miaka thelathini niliitumia kumfunga mama yako mdomo.

Hii ya Julai ilinikuta siwezi kuketi, kwa hiyo alisomewa na Nanjala, mke wa mwanangu Protus. Jioni hiyohiyo alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Shemeji, mtoto wangu anashukuru kwa ukuta gani?"

Nilijaribu kuinuka kitandani, nikashindwa.

"Mimi nilisema uandike nini?"

"Ulisema ukuta umeanguka."

"Na wewe mwalimu uliandika nini?"

Nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliketi pale kizingitini, akasema, "Mwaka mzima nimekasirikia mtoto wangu bure." Akaondoka. Titus, nimezika mke na ndugu, lakini sijawahi kusikia neno zito kama hilo.

Nilimpa ploti ya Malaba yote, akaikataa. Alisema haendi kuwa mama wa lodging uzeeni, anataka ukuta wake. Basi mwezi uliopita nilimwagiza Protus abomoe vyumba viwili vya mwisho, polepole, bila kuvunja matofali. Taniboi mmoja na mama muuza chapati walikuwa wanakaa humo. Nilisubiri wapate pa kuhamia kwanza, maana sikutaka kumtoa mtu nje ili nimsitiri mwingine.

"Mzee, watu wa Malaba watasema homa imekupanda kichwa," Protus aliniambia.

"Waseme."

"Na sisi watoto wako je? Unatuachia magofu?"

"Nawaachia vyumba vitano. Mvipanulie madirisha, na mchimbe choo cha pili." Hakufurahi, lakini alibomoa.

Matofali yamefika kwa mkokoteni wa ng'ombe. Yamepangwa uani kwa mama yako, yamefunikwa majani ya migomba. Fundi alikuja Jumatatu na mama yako akamrudisha. Anasema hakuna kujenga mpaka mtoto wake ajue haya matofali ni ya nini, na aambiwe na mkono uleule ulioandika uongo. Ndiyo maana sikumpa mtu mwingine kalamu. Mvua za Oktoba zinakaribia, nami sina hakika ya kuziona.

Sikuombi msamaha kwa barua, kwa kuwa barua zangu umezijua sasa. Nakuomba umjibu mama yako upesi, si mimi. Andika nje ya bahasha jina la Nanjala. Mwambie mama yako kama fundi aanze au la.

Nisalimie Millicent. Wasalimie pia Olinga na Egwang, wale vijana wa kwetu mnaofanya nao kazi. Wazazi wao hawajambo. Mungu awalinde njiani mtakapokuja Desemba, na amkuze mtoto kwa jina lolote mtakalomchagulia.

Kabla ya kuifunga barua hii nimemwita mama yako, na Nanjala ameisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, mimi nikisikiliza. Kisha mama yako ameniambia niongeze neno lake moja, nami naliandika kama alivyolisema:

"Titus, kuja na blanketi nzito ya mtoto. Kwangu upepo inaingia."

Ni mimi niliyekupenda na kukudanganya,
baba yako mkubwa,
Lazaro Ikapel