Mtu wa Tatu Kwenye Filamu

Bujumbura

Dada yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai presha imetulia na goti linakuruhusu kufika sokoni. Mimi ni mzima, alhamdulillah, mizigo ya bandarini bado naibeba. Ila kuna jambo limenikaa kifuani, na wewe ndiye uliyenilea.

Unaikumbuka ile boti iliyopinduka hapa gatini mchana, nikaruka nikatoa watu wawili. Sasa watu wa sinema wametengeneza filamu ya siku ile. Mle ndani mimi ni kijana mwenye kifua, na natoa watu watatu. Wa tatu ni Mwavita, mpishi wa boti, ambaye alikufa. Nilimwambia mkubwa wao kwamba huyo sikumtoa.

"Apana, papa," akasema. "Watu hawakuji kwa sinema kuzika."

Lililobaki sikumwambia, wala sijamwambia mtu. Nilipokuwa namvuta yule wa pili, mkono ulinishika kifundo cha mguu wa kushoto. Nikaupiga teke, Dada. Niliona tutazama wote. Tangu siku hiyo nikitia udhu, nikifika mguu ule, nauosha haraka huku natazama pembeni.

Siku ya kupiga picha waliniita nitazame. Kijana anayeigiza mimi akazama, akatoka mbio, hataki kurudi.

"Kuko mutu kule chini. Amenishika muguu."

Wenzake wakamtania, "Ni samaki anakupenda, we."

"Samaki iko na vidole?"

Nikamuuliza mguu gani. Akanionyesha wa kushoto. Majini hakukuwa na mtu mwingine.

Jumapili wataionyesha ukumbini, nami nisimame nipigiwe makofi. Mama yake Mwavita amealikwa. Nikaona siwezi kusimama mbele yake na uongo ule. Leo baada ya swala ya asubuhi nikamfuata mtaa wa Mutakura, anakouza dagaa. Alikuwa kwenye kigoda, anawaosha. Nikamweleza yote, mpaka teke.

"Huo mukono ulikuwa na nguvu?" akaniuliza.

"Sana, mama."

"Mi waliniambia alikufa mara moja, hakusikia kitu."

Akaendelea kuosha dagaa waliokwisha kutakata. Nilitamani ningenyamaza.

"Nitaenda Jumapili," akasema mwisho. "Nataka kumuona mwanangu akitoka majini. We utakaa karibu yangu. Pale uongo unapoanza, uniguse."

Kisha akanyoosha mkono nimsimamishe. Ulikuwa umelowa, wa baridi, na ule mshiko niliujua, Dada. Nilimvuta mpaka akasimama sawasawa, na hata hapo sikuuachia.

Alasiri hii nimetia udhu taratibu. Vile vidole bado vilikuwepo, vimeshika kifundo. Safari hii sikutazama pembeni.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na mama mdogo anayeshona vitambaa. Mwambie kitambaa changu nafunikia chakula kila siku. Mwalimu wa madrasa mwambie amtaje Mwavita kwenye dua, amtaje kwa jina. Na Jumapili, saa za alasiri, unikumbuke.

Mdogo wako,
Ramadhani