Mahari ya Achieng

Jumapili, jioni. Mvua ya baridi tangu asubuhi, ile isiyoamua kama iwe theluji au ibaki maji. Soksi zangu zinakauka juu ya hita na mimi nimejifungia chumbani.

Nimeuzwa. Hapana, hilo neno kali. Nimebadilishwa.

Nieleze tangu mwanzo, kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu.

Ligi yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu ni ndogo, timu sita tu, watoto wa Waswahili wa huku ughaibuni na majirani zao wa huku na huku. Katikati ya msimu timu zinaruhusiwa kubadilishana wachezaji, ila mama zetu waliweka sharti: hakuna kumalizana kwa simu. Kepteni anakwenda na mtu mzima, na sinia mkononi, wanakaa, wanakunywa chai, ndipo maneno yanaanza. Kama posa. Tunaicheka sana desturi hii, lakini hakuna timu iliyowahi kugombana.

Kepteni wa timu yetu ya mji wa Herndon ni Nasra, rafiki yangu tangu darasa la pili. Alimtaka Achieng wa timu ya Beltsville, ambaye akiruka unadhani amesahau kushuka. Nasra akaniuliza, kama anavyoniuliza kila kitu: tutoe nani?

Nilikaa siku mbili nikifikiri. Nikamwandikia ukurasa mzima. Rukia, maana ndiye mtoa pasi mzuri na wao hawana. Wambui, maana ni mrefu. Na wakitaka mtu wa tatu, nikaandika, awe yeyote wa benchi, timu haitapungukiwa na kitu.

Mimi hukaa benchi. Naapa sikulifikiria hilo.

Ijumaa Mama alirudi kutoka kazini kwake, anakotunza wazee, akakanda unga bila hata kuvua viatu. Akakaanga kaimati za kwenda nazo Beltsville, akazimiminia shira, akazipanga vizuri kwenye sinia. Nasra na mama yake wakaja kulichukua. Nasra hakuniangalia usoni. Nilidhani ana wasiwasi wa mazungumzo.

Jana mama yake Nasra alinikuta mlangoni akanishika shavu. "Watakupenda kule, mwanangu. Watu wazuri."

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Mama alipoelewa akasema, "Yaani nimekaanga kaimati za kumtoa mwanangu mwenyewe?" Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Halafu nikaenda bafuni nikafungua maji ili nisisikike.

Kwenye kundi la simu la ligi wanabishana tangu jana kama Herndon tulitoa kupita kiasi. Rukia peke yake alitosha, anasema mmoja. Mwingine anasema bila Wambui tumebaki wazi chini ya kikapu. Nimesoma meseji zote, mpaka ya mwisho. Jina langu halimo. Hakuna aliyesema kama kunitoa mimi ni kidogo au ni kingi.

Leo yalikuwa mazoezi ya kwanza Beltsville. Njiani Mama hakuwasha redio. Tulipofika sikutaka kushuka, naye hakunisukuma. Alizima gari tukakaa tukiangalia mvua kwenye kioo. Wambui ndiye aliyekuja kugonga dirisha.

"Zuhura, toka bwana! Sisi ndio mahari ya Achieng. Umeona wapi mahari inalia ndani ya gari?"

"Mahari gani yenye viatu vikubwa kama vyako?" Rukia akamjibu kutoka nyuma.

Nikashuka.

Kocha wao ni Mama Clarisse, Mkongo, mfupi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na "ndiyo" yetu kwake ni "njo". "Wewe njo Zuhura? Karibu, mama. Vaa viatu." Nikamwambia huwa nakaa benchi. Akageuka akanionyesha ukumbi. Tulikuwa wanane, pamoja na mahari. "Benchi ya nani?"

Nilipoteza mpira mara mbili. Mara ya tatu nilisimama tu mahali niliposimama, mlinzi aliyekuwa akimfuata Rukia akanigonga, Rukia akapita nyuma yangu akafunga. "Njo vile!" akapiga kelele Mama Clarisse. Kifua kinaniuma mpaka sasa. Maumivu yenyewe nayapenda kidogo.

Nasra amepiga simu magharibi. Wameshinda leo, Achieng amecheza vizuri sana. Nikasema hongera, na nilimaanisha.

"Zuhura, sema kweli. Tulitoa kupita kiasi?"

"Kwa mpira, hapana. Achieng anastahili."

"Na kwa mengine?"

Sijui sauti ile niliipata wapi. Nikasema, "Ungeniambia wewe mwenyewe, kabla mama yangu hajakanda unga."

Nikamsikia analia. "Walitaka mtu wa tatu nikakutaja wewe, maana kwako ni rahisi. Nikaogopa kukuambia. Nilijua ungekubali tu. Wewe hukatai kitu."

Ni kweli. Ningekubali, na ningemsaidia kuchagua maneno.

Jumapili ijayo tunacheza na Herndon. Najua mambo ya Nasra ambayo hakuna mwingine anayeyajua: akichoka hushika kiuno, na akishika kiuno hupita na mpira upande wa kulia, kila mara. Mama Clarisse akijua hilo, tunaweza kushinda. Nimelizungusha kichwani jioni nzima. Nikisema namsaliti rafiki yangu. Nikinyamaza nawasaliti watu saba walionipa nafasi.

Nitasema. Mimi ni wa Beltsville sasa.

Lakini kesho, kabla ya kengele ya kwanza, nitamtafuta Nasra kwenye makabati ya shule nimwambie kwamba nitasema.